Gauni Lililopunguzwa Mara Tatu

Dada yangu ni fundi cherehani, na watu humwita Futi kwa sababu hahitaji futi ya kupimia. Mteja akivuka mlango tu, yeye keshajua kiuno chake, na mara mbili amezua ugomvi wa ndoa kwa kukitaja kwa sauti. Mimi mdogo wake nashona vifungo na kupiga pasi katika chumba hichohicho, chenye vyerehani viwili na kioo kilichopasuka pembeni.

Binti yake wa pekee alimaliza shule akiwa na miaka kumi na tisa, akapata alama za kujivunia, kisha akaanza kulala. Alilala hadi mchana, akiamka anakaa kitandani anatazama ukuta. Rafiki zake walipiga simu wakachoka. Chakula alikuwa anakigusagusa tu. Mimi nilisema ni uvivu, tena sikusema kwa kunong'ona. Baba yake alilaumu simu. Futi alisema mtoto atachangamka akianza chuo, akamshonea gauni la buluu la siku hiyo.

Baada ya wiki mbili binti alikuja nalo dukani, akasema linampwaya. Futi akabana pini midomoni, akampima kwa macho, akapunguza ubavuni. Mwezi uliofuata akalirudisha. Kisha tena. Kila mara alisimama mbele ya kioo kimya, mikono imelegea, na kila mara mama yake alirudi nyuma hatua moja akatabasamu, "Sasa limekukaa."

Msituone wajinga. Fundi akiona nguo inapwaya, hupunguza nguo. Tumefanya hivyo miaka ishirini. Mishono ile niliipiga pasi mimi mwenyewe, na roho haikunisuta hata kidogo.

Asubuhi moja baba yake alimkuta hajitambui. Alikuwa amejaribu kujitoa uhai. Tulimwahisha hospitali kwa gari la jirani, Futi akiwa peku na uzi umemning'inia begani.

Daktari alituambia kwamba binti ana sonona. Alisema huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, si uvivu wala wazimu. Unanyang'anya hamu ya kula, ya watu, hata ya kesho, na unatibika, ingawa polepole. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Akauliza alianza kupungua lini. Futi ndiye aliyejibu, wiki kwa wiki, inchi kwa inchi, bila kukosea. Daktari akaacha kuandika, akamkodolea macho.

Siku ya nne binti aliweza kukaa. Futi alikuwa anamrekebishia shuka, akasema gauni lile atalishona upya likae vizuri zaidi.

"Mama," binti akasema, sauti kavu, "gauni sikulitaka. Nilikuwa nalileta ili uniulize."

Dada yangu hakulia. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaishika ile mikono ambayo vipimo vyake alivijua kwa moyo.

"Una nini, mwanangu?"

Binti akageuza uso ukutani. Futi hakumwachia mikono. Akakaa palepale kungoja jibu, amechelewa miezi mitatu.