Nilimwita Mkwe Asafishe Kidonda

Nianze bila kujitetea: mguu wa yule mama niliukata mimi. Msumeno tu ndio alioushika mwingine.

Mimi ni muuguzi wa kituo kimoja cha afya mkoani Geita, mwanamume wa makamo, nina shahada, na picha ya mahafali nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa.

Mama alitoka kijijini kwake Samuye kuja Kalangalala, mtaa wa kituo chetu, kumwona bintiye aliyejifungua. Alikuwa na kisukari, na kidonda unyayoni. Kwa kuwa binti alikuwa bado kitandani, aliyemleta kwetu ni mkwe wake, mchimba dhahabu. Kijana akakaa nje, mbali na mlango. Nikamwona mvivu!

"Wewe, ingia nikufundishe kusafisha kidonda. Utakuwa unamsafisha kila siku."

"Daktari, huyu ni mkwe wangu."

"Bakteria hawajui mkwe!" Nikacheka peke yangu. Nikapandisha kitenge cha mama hadi gotini, nikamkabidhi kijana pamba. Aliinamisha kichwa, akasafisha bila kutazama.

Mama akajifunika uso kwa khanga. "Mwanangu, kwenu hakuna wakwe?"

Jamani! Mimi ni Msukuma. Mama mkwe wangu akija kwangu, mimi nakwenda kula kwa jirani. Nilijua kila kitu! Ila wanafunzi wa uuguzi walikuwa wananitazama, nikataka kuonekana msomi.

Mama hakurudi. Aliogopa nitamwita tena kijana. Kumbe binti angeweza kumsafisha hata akiwa ameketi kitandani. Sikuuliza!

Baada ya wiki tatu binti mwenyewe alimleta, vidole vimeshakuwa vyeusi. Tukawapa rufaa; hospitali wakamkata mguu chini ya goti. Nikamfuata wodini. "Shikamoo, mama." Akageukia ukutani. Mpaka leo hajaniitikia.

Siku hizi sigusi mtu kabla ya kuuliza: nani aruhusiwe kukuona, nani akuoshe, nani asubiri nje? Bosi anasema nachelewesha foleni na kuendekeza mila. Ameniandikia barua ya onyo. Aandike hata kumi! Foleni itasubiri. Mimi nilishawahi kuharakisha.

Nawe uliyemaliza chuo jana, uliza kwanza. Ukiona ni kupoteza muda, mtazame yule mama, sasa anayeishi kwa bintiye, anavyokwenda chooni kwa magongo, huku mkwe wake akizunguka nyuma ya nyumba ili asimwone akianguka.