Nukta Mbili

Watoto walimwita Mwalimu Nukta, na mwenyewe alijua. Mimi ni fundi wa madawati pale shuleni. Niliishia darasa la nne, ila masomo mengi nimeyasikia nikiwa na nyundo mkononi, kwa hiyo nitamwelezea nilivyomwona.

Alikuwa na daftari la jalada la bluu lenye majina ya wanafunzi wake wote. Wakishasoma hadithi, anawaachia waizungumze. Anayesema, nukta moja. Anayemsikiliza mwenzake kwanza ndipo akamjibu, nukta mbili.

"Kusoma kwa sauti hata kasuku anaweza, babu," aliniambia. "Mimi namtafuta aliyeelewa."

"Basi mimi nina sifuri," nikamjibu. "Muulize bibi yako kama nimewahi kumsikiliza."

Alicheka mpaka akaegemea dawati, tena lile bovu.

Msichana mmoja wa dirishani hakuwa na nukta hata moja. Tangu afiwe na baba yake, alifunga mdomo. Mwalimu hakumlazimisha.

Kisha ikaja barua ya ukaguzi. Wakifaulu wanafunzi chini ya ishirini, mwalimu anaondolewa darasani. Siku ya ukaguzi nilikuwa nyuma ya darasa nakaza miguu ya benchi. Mkaguzi aliwapima mmoja mmoja, na kila aliyefaulu mwalimu akawa anamhesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Wakafika kumi na tisa. Akabaki yule wa dirishani.

Hadithi ilisema: Baba alishinda hospitali, jioni akarudi nyumbani. Mvulana mmoja alikuwa ameshaeleza kwamba alishinda maana yake alikaa kutwa.

"Wewe, unakubaliana na mwenzako?" mkaguzi akauliza. "Toa sababu."

Nikaacha kugonga. Msichana akasimama.

"Nakubali. Baba yangu naye alishinda hospitali, siku tatu. Ya nne akashindwa."

Darasa zima likaangua kicheko, walidhani ni mzaha.

"Hatukuja kufanya utani hapa," mkaguzi akasema. "Huyu wa hadithi alirudi jioni. Siku tatu umezitoa wapi?" Akapiga alama ya kosa kwenye karatasi.

"Bwana mkaguzi," mwalimu akasema, "amekubali, sababu ametoa, na neno amelijua pande zote mbili. Baba yake amefariki."

"Nampa pole. Lakini mimi sipimi misiba, mwalimu. Napima kusoma."

Msichana akaketi, akageukia dirisha.

Sasa Mwalimu Nukta yuko stoo ya vitabu, anafuta vumbi na kupanga majalada. Darasani kwake wanasoma kwa pamoja, kwa sauti kubwa, hodari kabisa. Nilipokwenda kurekebisha rafu akanifunulia lile daftari. Mbele ya jina la yule msichana kulikuwa na nukta mbili, zimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

"Mwambie, babu. Mimi darasa lile sikanyagi tena."

Nikamvizia yule msichana mapumzikoni, nikamwambia: mwalimu wako amekupa mbili. Akachokonoa rangi ya dirisha.

"Siku hizi mwalimu anashinda wapi?"

"Anashinda stoo, mjukuu wangu."

Akaniangalia, kama anayengoja nimalizie. Sikumalizia. Nikaokota nyundo yangu.