Ukungu wa Akonkwa

Akonkwa, kijana wa jirani yangu hapa Cimpunda, iko na chumba ya mbao ambamo vijana wanakuja kucheza mashindano ya magari kwenye televizyo. Aliijenga kwa mikono yake. Mimi ninauzia karanga pale mulangoni, basi hakuna kitu kinanipita.

Kitu alichopenda kuliko vyote ni ule ukungu vijana wanaita flou. Gari ikikimbia, miti na nyumba za kando zinavutwa kama uji unaomwagika. "Bila flou," alikuwa anasema, "gari haikimbie, inakatika-katika." Na kweli, siku moja ilikimbia vile, upepo ukatoka mu televizyo, ukanivua kitambaa cha kichwa. Tulikiokota mbali kule, kijiji cha Mumosho.

Ila Emmanuella, binti anayeshinda kila mutu pale, alikuwa analalamika: "Yaya Akonkwa, mukubwa wangu, toa ile flou! Sione kona, ninaona supu tu."

"Macho yako ndiyo supu!"

Kisha mutoto mumoja akarudi kwao na kizunguzungu, akatapika juu ya bugali ya mama yake. Wamama wa shirika ya kanisa wakaenda kwa Papa Venant, mwenye kiwanja, afunge ile chumba. Muzee akasema: "Nitakuja mimi mwenyewe kisha misa. Kichwa yangu ikizunguka, Akonkwa, unatoa televizyo yako."

Dimanche, misa ilipoisha, Akonkwa akamupokea sawa vile tunapokea muzee: kiti kikubwa, mbele kabisa, magoti karibu kugusa televizyo. Flou akaiongeza, juu ya muzee aone uzuri. Emmanuella akaondosha gari.

Kona ya kwanza, Papa Venant akashika kiti. Ya pili, akashika rozari.

"Mutoto wangu... hii barabara inayeyuka?"

Nikamunong'oneza Akonkwa: "Sogeza muzee nyuma!"

"Maman! Nimurudishe muzee nyuma, mbele ya watu? Afazali nifunge chumba."

"Basi, kama kiti haiondoke, ukungu iondoke."

Akaniangalia kama nimemuomba maini yake. Halafu akachukua manette, ile ya kuendeshea gari mu mikono, akaisimamisha, akaizima flou. Emmanuella akaendelea.

Muzee akaacha rozari. "Ah! Kumbe kuna miti! Binti, kona hiyo! Kushoto! Fren, fren! Punguza mwendo!" Akainama pamoja na kona, karibu aanguke juu ya karanga zangu.

"Lakini Papa," Akonkwa akauliza na uchungu, "hauone gari inarukaruka?"

"Inaruka kama chura. Ila chura ninamuona."

Mashindano yakaisha, na mashini ikaanza kuonyesha tena ile safari, hakuna mutu anaendesha. Akonkwa akawasha flou haraka. Muzee akajilaza nyuma, akatabasamu. "Hapa ni muzuri sana. Sikia: kuangalia, weka. Kuendesha, toa."

Wamama wakajibiwa vile, chumba haikufungwa. Na Papa Venant akakataa kutoka pale mpaka apewe manette. Aliingiza gari mu ukuta, akasema ukuta ndio ulikosa.