Mlinzi Aliyekataa Kufa Babati

Sijui Kihindi. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili lisinikabe tena, maana kwa miaka tisa nilikula ugali kwa kujifanya nakijua. Nilikuwa DJ wa kutafsiri muvi za Kihindi kwenye banda la video huku Nangara, Babati. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya skrini, maiki mkononi, sauti ya muvi nikiipunguza na yangu nikiipandisha, na kila alichosema Mhindi nilikisema mimi kwa Kiswahili. Watu waliamini nimelelewa Dar es Salaam na familia ya Kihindi. Ukweli ni kwamba niliosha magari ya Mhindi mmoja Arusha kwa miezi mitatu, akanifundisha maneno mawili ya kwao, na yote mawili yalikuwa matusi.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mtu asiye na aibu. Ukiona mama analia, anamwomba mwanawe asiende mjini. Ukiona mwenye masharubu anacheka peke yake, huyo ni baba mdogo na anataka shamba la marehemu. Babati kila mtu ana baba mdogo anayetaka shamba, kwa hiyo sikuwahi kubishiwa.

Matatizo yangu yaliletwa na mlinzi. Katika muvi moja kulikuwa na mlinzi wa getini, mwembamba, masikio makubwa, anayepigwa risasi hata kabla watazamaji hawajamaliza kugombania benchi. Lakini alikuwa na sura ya huruma. Mama muuza perege, ambaye siku zote alikaa mbele na beseni lake miguuni, akapiga kelele: "DJ! Huyu naye anakufa hivihivi tu? Kakosa nini?"

Nikaona haya, nikatangaza kwamba amezimia.

Wiki mbili baadaye, kwenye muvi nyingine, masikio yaleyale yakatokea yanaendesha teksi. Ningefanyaje? Nikawaambia amepona, ameacha ulinzi, anatafuta maisha. Banda zima likashangilia. Kisha akawa mhudumu wa hoteli, kisha karani, kisha akachomwa kisu sokoni, na kila alipouawa mimi nilimkimbiza hospitali. Nilimpa mke na mtoto, nikampa na ng'ombe wawili. Ikafika mahali ubaoni tunaandika LEO MLINZI YUPO na watu wanajaa mpaka mlangoni. Steringi mwenyewe, shujaa wa muvi, na vifua vyake na miwani yake, alikuwa hata hauliziwi.

Nje ya banda tulining'iniza spika ya kuwavutia wapita njia, na ng'ambo ya barabara kuna duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ni mama wa Kihindi aliyekuja Babati kuolewa, na Kiswahili chake kimekomaa kaunta. Asubuhi moja nilienda kununua misumari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Miaka tisa nakusikia kwenye hiyo spika," akasema huku anapima misumari. "Hujawahi kupatia hata sentensi moja."

Nilijiona nimerudi Arusha na ndoo yangu. Mji huu mdogo, ukishaitwa mwongo sokoni, mpaka kijiji cha Singe wanajua kabla hujafika nyumbani.

"Mama, naomba unisitiri."

"Ningetaka kusema ningeshasema. Huyo unayemwita Mlinzi ni kaka yangu, tumbo moja. Nilimwambia kwenye simu kwamba huku Babati yeye ni maarufu, akadhani namtania. Anakuja wiki ijayo."

Akaja kweli, na masikio yake. Aliposhuka kwenye basi pale stendi, bodaboda wote walimwona kwa pamoja. "Oyaa, Mlinzi! Hospitali wamekuruhusu lini?" Mmoja akamuulizia wale ng'ombe. Muuza perege alimkumbatia, akamkabidhi samaki mkubwa ambaye hata hakuwa amefungwa kwenye gazeti. Mgeni hali samaki wala nyama tangu azaliwe. Alimbeba yule perege kwa mikono miwili mpaka dukani kwa dada yake, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa watu.

Pale kaunta, tukinywa chai, ndipo nilipoyajua maisha yake ya kweli, dada mtu akitafsiri. Aliondoka kwao na miaka kumi na tisa kwenda mji wanakotengenezea muvi. Alipanga foleni za waigizaji mpaka viatu vikaisha. Amekuwa mlinzi, dereva, mpishi, polisi wa nyuma ya polisi, na maiti. Kwa kuwa maiti alisifiwa sana kwa sababu anajua kubana pumzi. Kuhusu maneno, katika muvi zote hizo jumla aliambiwa aseme "Ndiyo, bwana" na "Lete gari." Mama yao alikuwa akipiga simu kila siku kuuliza steringi wa kwake anaendeleaje, naye akijibu kwamba ana kazi nyingi hata usingizi hapati.

Mwishowe akauza pikipiki, akatengeneza muvi yake mwenyewe chumbani kwake. Aliiandika yeye, akaicheza yeye, na kamera akaiwasha yeye kisha akakimbia kwenda kukaa mbele yake. Aliipeleka kila mahali na kila mahali ikarudishwa. Alikuwa ameamua kuacha. Alitaka tu ioneshwe mara moja mahali ambapo watu wanamjua, halafu arudi kwao akafungue kibanda cha kurekebisha miwani.

"Ana ombi moja," dada mtu akasema, akanitazama bila kupepesa. "Usiongeze neno."

Mgeni alikuwa ameshamtumia dada yake maneno yote ya muvi. Dada akaniandikia Kiswahili chake kwenye daftari. Yalikuwa kurasa nne. Nikauliza zingine ziko wapi.

"Basi. Watu hawaongei sana."

Nilijua pale pale kwamba nimekwisha.

Jumapili mchana, baada ya kanisa, banda lilifurika. Dada mtu alikaa benchi la nyuma na kaka yake. Dada naye alikuwa hajaiona hiyo muvi. Kwa robo saa ya kwanza nilisoma daftari kwa adabu. Mtu anaamka. Mtu anachemsha chai. Simu inaita, anamwambia mama yake kwamba jana amecheza na steringi wa kike. Halafu akaanza kupiga pasi shati. Alipiga kola, akapiga mkono mmoja, akaugeuza, akapiga mwingine. Daftari halikuwa na neno.

"DJ, umelala?" mtu akauliza.

Mabenchi yakaanza kulia. Fundi wa pikipiki akasimama kutoka. Hapo damu ya kazi ikanichemka. Nikashika maiki nikasema kwamba ndani ya ile kola kumeshonwa hati ya shamba, na baba mdogo yuko nje na panga. Banda likalipuka! Fundi akarudi mbio kukaa. Nikaendelea, pasi ikawa na kinasa sauti, watu wanapiga miluzi, nami najiona bingwa. Kisha nikatazama nyuma.

Mgeni alikuwa anamuuliza dada yake kitu, akionesha watu wanaocheka. Akauliza tena, kisha akainamisha kichwa taratibu, akaanza kuyatazama magoti yake. Nilijisikia vibaya sana. Mtu kasafiri nchi mbili na roho yake kwenye flashi, mimi namtilia baba mdogo.

Nikazima maiki. Kwenye skrini shati likaendelea kupigwa pasi, na safari hii tulilitazama. Wanne watano walitoka. Muuza perege akasema kwa sauti ya chini, "Hilo shati ndilo alilonalo, hana lingine." Hilo pia halikuwa kwenye daftari, lakini lilikuwa kweli.

Muvi ikafika mwisho. Simu inaita, yeye anaitazama, anapokea. Daftari lilisema: anakata simu bila kuongea. Lakini hakukata. Aliongea, sentensi mbili, na banda zima likanigeukia mimi.

Nilikuwa na majibu kumi mdomoni. Ningeweza kumpeleka hospitali, ningeweza kumpa ng'ombe wa tatu. Nikawasha maiki.

"Mama," nikaita mpaka nyuma, na spika ikapeleka hadi barabarani. "Samahani. Hapo amesema nini? Mimi Kihindi sijui. Sijawahi kukijua."

Dada mtu alisimama. Alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio.

"Amesema, 'Mama, nilikudanganya. Mimi si steringi.'" Akashusha mtandio. "Hii hakuniandikia. Mama yetu alikufa kabla hajamwambia."

Taa ikawashwa. Sikujua niangalie wapi. Fundi wa pikipiki alininyooshea kidole. Miaka tisa ilikuwa inawaporomokea kichwani, muvi moja baada ya nyingine, na niliona wanavyozihesabu. Aliyeongea kwanza ni muuza perege, na hakuniuliza mimi.

"Kwa hiyo siku ile getini," akasema akimtazama mgeni, "Mlinzi alikufa kweli?"

Dada akamtafsiria kaka yake. Mgeni akasimama, akagusa kifua mahali ilipoingia risasi, akajibu polepole.

"Anasema kwao alikufa, tena mara nyingi," dada akasema. "Hakujua kama huku kuna watu walikuwa wanamkimbiza hospitali."

Muuza perege akavuta beseni lake kando, akapangusa benchi kwa kanga.

"Basi mwambie aje akae mbele," akasema. "Na wewe DJ, rudisha pale kwenye shati. Nyamaza, tuangalie."