Namba Moja ya Mwenyekiti

Mjukuu wangu alisomea kompyuta chuoni, akamaliza vizuri, kisha akarudi nyumbani kuchuma chai na mimi. Vidole vikawa vyeusi kwa utomvu kama vyangu. Wanawake wa huku Silibwet wakapata la kunitania. Tukiwa shambani mmoja ananiuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Gogo," yaani bibi kwa Kipsigis, "na hiyo kompyuta nayo inachumwa majani mawili na kichipukizi?" Wanacheka. Mimi sikucheka. Mimi shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole, lakini huyu msichana nilimsukuma mpaka mwisho, na sikumsukuma ili aje kubeba kikapu.

Basi chama chetu cha maziwa kikaingia kwenye shida. Pale ofisini kuna kompyuta ya karani, ambayo inaandika kilo za kila mtu na kuzituma kiwandani, na kuna ya mwenyekiti. Zote zimefungwa kwa waya kwenye kisanduku cha intaneti kilicho ukutani. Intaneti ikawa inakufa ovyo. Kiwanda hakioni kilo, lori halitumwi, maziwa yanakaa kwenye mitungi mpaka yanachacha. Kwenye mkutano nikasimama, nikasema mjukuu wangu anaweza hiyo kazi.

Mwenyekiti akaniangalia. "Mama, mlete. Akitengeneza, tunatafuta karani wa pili na nafasi ni yake. Akishindwa, naita fundi wa mjini, na wewe usinisumbue tena na mambo ya mjukuu."

Siku ya kwenda, mjukuu wangu aliniomba nibaki nyumbani. Nilikataa. Nilivaa leso yangu ya kanisa nikamfuata.

Karani ni mama mmoja aliyetoka pande za ziwani, amekaa huku mpaka anatukana kwa Kipsigis kutushinda. Akamweleza msichana bila kupunguza sauti, "Siku mzee haji, intaneti inakimbia kama swara. Akiingia tu, akiwasha mashine yake, kwisha! Mimi nasema ni kile kitambi kinaziba njia."

Mwenyekiti alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Akakohoa.

Mjukuu wangu hakucheka. Alishika waya, akauchomoa, akaurudisha, akaangalia taa za kisanduku. Halafu akaomba kuona mashine ya mwenyekiti. Kiti cha mwenyekiti hakikaliwi na mtu mwingine, hata akiwa safarini, kwa hivyo aliinama akafanya kazi amesimama. Akafungua mahali pa mipangilio ya adapta. Hicho ni kile kidude cha ndani ambacho waya unaingilia. Alinieleza baadaye kwamba kila mashine ina namba yake ili kisanduku kijue nani ni nani, na kwamba mashine nyingi hupewa namba na kisanduku chenyewe. Hii ya mwenyekiti iliandikwa kwa mkono. Na mwisho wake ulikuwa moja.

"Mzee, hii namba nani aliandika?"

"Fundi aliyeleta mashine. Aliniuliza nataka gani. Nikamwambia hapa mimi ndiye namba moja. Ningemwambia nini, saba?"

Karani akaingiza uso kwenye leso.

Mjukuu wangu akaondoa mikono kwenye kibodi. Hata mimi niliona shida ilikuwa hapo, na niliona shimo alilosimama pembeni yake. Amwambie mwenyekiti mbele ya karani kwamba yeye ndiye anaua intaneti ya chama, kazi ipotee. Asimwambie, kazi ipotee vilevile. Nikafungua mdomo nimsaidie. Akanigeukia, akaniangalia. Nikaufunga.

"Mzee," akasema polepole, "kwako nyumbani, nani analala karibu na mlango?"

"Mbwa. Na ndama kukiwa na baridi."

"Na wewe?"

"Mimi nalala ndani! Mwenye nyumba atalalaje mlangoni?"

"Hapa mlango ni kile kisanduku. Kila kitu kinaingilia hapo na kutokea hapo. Namba moja ni yake. Fundi alikupa namba ya mlango, sasa mashine ya karani ikitafuta mlango inakuja kwako."

Mwenyekiti akakitazama kile kisanduku, kidogo kama mkate, kimejaa vumbi.

"Alinilaza na ndama?"

"Hakujua, mzee."

"Nitoe hapo."

"Naweza kukiacha kisanduku kikupe namba chenyewe."

"Nigawiwe? Kama mwanachama wa jana?"

Mjukuu wangu akafikiri kidogo, akaangalia namba ambazo hakuna mashine nyingine inazitumia, akasema, "Basi nakuandikia mia moja."

"Kuna mwenye kubwa kuliko hiyo?"

"Hapa ofisini, hakuna."

"Andika."

Akaandika, akabonyeza, akachomoa waya, akaurudisha. Tukangoja. Karani alikuwa amerudi kwenye meza yake, na mara tukasikia akipiga meza kwa kiganja. "Imeshika! Kilo zinaenda! Na mzee yumo ndani!"

Mwenyekiti hakusema asante. Alirudi kwenye kiti chake, akakaa, akavuta kofia. "Jumatatu," akasema. "Uje na gambuti, pale uwanjani ni matope."

Njiani nilitaka kupiga vigelegele, akanishika mkono. "Gogo, ya mwenyekiti usiyatangaze. Nitafanya kazi na yeye kila siku." Nikasema sawa. Ilikuwa ngumu.

Jumatatu nilipeleka maziwa mwenyewe, ingawa kwa kawaida anapeleka jirani. Foleni ilifika barabarani. Nilipita wote na mtungi wangu mpaka dirishani, kwa sababu nani angenizuia? Mjukuu wangu alikuwa ndani na kalamu nyuma ya sikio. Akainua macho.

"Gogo, foleni inaanzia kule nyuma."

Wanawake wakaangua kicheko, wale wale wa kichipukizi. Nikabeba mtungi wangu nikaenda nyuma, nikamwambia aliyekuwa mbele yangu, "Umesikia anavyoongea? Huyo ni wangu."