Nilivyoenda Bomet Kuuliza Kwa Nini Naletewa Wanunuzi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya mkiwa mmelala chali na simu juu ya pua, kaeni kitako. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini nimefuata neno la simu mpaka pale linapogawanywa, na nimerudi. Nyinyi mnabonyeza tu.

Niliondoka kwa sababu ya ng'ombe wangu, Sista. Chama chetu cha maziwa kilisema tusimpigie tena mtu wa mbegu. Sasa ni kubonyeza simu: unachagua "ng'ombe", halafu "mbegu", unangoja mtu aje ampandishe. Mara tatu Sista alitaka dume, mara tatu nikabonyeza, na mara tatu akaja mtu na kamba, anampapasa mgongo na kuuliza bei. Mwanangu Kibet akasema, "Mama, huyu akikosa mbegu tena, namuuza soko la Mulot." Alisema akitabasamu, kwa sababu yeye ndiye hukata majani.

Saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani Chebunyo. Sista akaanza kupanda wenzake na kulia. Ng'ombe akianza asubuhi, mbegu huwekwa jioni; ukikosa, unangoja wiki tatu, na Kibet hangengoja. Nikabonyeza. Simu ikajibu: mnunuzi anakuja. Nikavaa viatu vya kanisa.

Nikapanda lori ya maziwa, mbele kwa dereva. "Kogo, unaenda hospitali?" akaniuliza, maana kwetu kila bibi ni Kogo.

"Naenda kuchapa mtu."

Kufika Siongiroi, mbuzi wa soko walijaza barabara, naye akapiga honi kama ana haraka kuliko mimi.

Saa nne, Bomet. Ofisi ya chama iko juu ya duka la dawa za mifugo. Nikamkuta Akinyi, msichana anayetunza mitambo yao. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani, yeye akazaliwa Kericho katikati ya chai. Akanisalimia kwa Kipsigis safi kuliko ya wajukuu wangu. Sikulainika.

"Huyo anayenitumia wanunuzi yuko wapi?"

"Ni seva, Kogo."

"Mlete hapa."

"Ni mashine. Iko Nairobi."

Nikamwambia wakubwa wote huishi huko. Akacheka, akanimiminia chai, akageuza kioo cha kompyuta nione.

Akanieleza hivi. Seva hii haipimi maziwa, haiuzi ng'ombe na haijui mbegu. Kazi hizo zina wahudumu wake ndani ya mashine: mmoja wa maziwa, mmoja wa soko, mmoja wa mbegu. Seva imekaa langoni. Ombi langu likifika, limebeba anwani: kwanza ng'ombe, halafu mbegu. Seva inashika orodha na kuisoma kutoka juu. Mstari wa kwanza unaofanana na anwani, inasimama hapo, inampa mhudumu wa mstari huo, inangoja jibu lake, inanirudishia.

"Sasa tuone orodha," nikasema.

Tukaona. Juu kabisa: chochote kinachoanza na ng'ombe, peleka soko. Chini yake: ng'ombe na mbegu, peleka mbegu.

"Kwa hivyo huyu wa pili hajawahi kupata kazi," nikasema. "Anakaa tu kama mume wa mwalimu."

Akinyi akashika kichwa. "Woi! Mimi ndio niliweka hiyo ya soko juu. Tulikuwa tunafungua soko, nikaharakisha."

"Sista ameharakishwa mara tatu, mama. Weka yule anayetajwa kwa ukamilifu, wa ng'ombe na mbegu, aje juu. Huyu wa chochote-chochote ashuke."

Akaibadilisha mistari, akaiambia seva isome orodha upya. "Bonyeza sasa, Kogo."

Nikabonyeza. Jibu likaja: mtu wa mbegu atafika saa kumi na moja. Akinyi akaniomba msamaha. Nikamwambia amalize chai yake kabla haijapoa.

Saa kumi na moja kasoro, nyumbani. Nilirudi na pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno. Uani nikakuta watu wawili: mtu wa mbegu na mtungi wake wa baridi, na yule mnunuzi niliyeahidiwa na simu asubuhi. Kibet alikuwa amemkaribisha wa kamba kwa Sista, na wa mbegu amemwelekeza jikoni akanywe mursik, maziwa yetu ya kuganda. Alisikia neno "ng'ombe" tu, akapeleka. Nikamtoa wa kamba kwa mdomo, nikamwita wa mbegu. Sista akapata haki yake.

Wiki tatu zilipita bila Sista kutaka dume tena, na baadaye daktari akapima: ana mimba. Nilichojifunza ni kwamba mashine haina roho mbaya; inafuata mstari wa kwanza, sawa na kijana niliyemzaa mwenyewe. Lakini jioni ile, kabla hatujajua hayo, nilisimamisha nyumba yangu yote uani, nikawaambia:

"Kuanzia leo, mtu akisimama langoni, msikilizeni mpaka neno la mwisho ndiyo mumwelekeze. Na wewe Kibet, nenda ukate majani."