Wimbo wa Fundi wa Garsen

Mume wangu aliniposa akiwa na cherehani na gambusi, wala hakuwa na kingine. Mchana alishona kanzu barazani mwa duka karibu na kivuko cha Garsen. Jioni yeye na wenzake watatu walipiga muziki wao: gambusi, ngoma mbili na debe la mafuta ya taa. Waliitwa arusini hadi Hewani na Kilelengwani, na wimbo uliowatangaza kote huko ni ule alionitungia mimi. Najisifu, ndiyo. Nani atungiwe wimbo asijisifu?

Kikwazo kilikuwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, aliyenilea Ndera na ambaye ndiye aliyekuwa walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha. Kwake yeye, mtu asiyeshika jembe msimu wa mpunga alikuwa mzururaji tu. Posa aliikubali kwa sababu moja, akaisema mbele ya wazee: "Kijana huyu maneno yake yatoka kichwani mwake, na sauti yatoka kichwani mwake. Haibii mtu. Mtu kama huyo nampa mtoto." Sauti, kwetu, ni ule mwendo wa wimbo unaobaki hata ukiyaondoa maneno.

Tukashuka Garsen kwa ajili ya arusi, mto ukiwa umeanza kujaa. Wiki hiyohiyo mwenye duka akaleta santuri, ya kwanza kuiona mimi, pamoja na sahani chache za nyimbo kutoka Mombasa. Watu walijazana barazani. Sindano ilikwaruza kidogo, kisha ukatoka wimbo wangu. Maneno yalikuwa mengine, ya mtu aliyeachwa na mpenzi wake, lakini sauti ilikuwa ileile, kupanda kwake na kushuka kwake.

Pengine mahali pengine wangemcheka fundi. Garsen walimkasirikia mwimbaji wa sahani. Wimbo wa fundi walikuwa wameusikia mwaka mzima, na sahani wameisikia leo, sasa mwizi nani? "Mombasa wamezoea!" alipiga kelele mama mmoja muuza ndizi. "Wanachukua ndizi, wanachukua mchele, sasa wanachukua na nyimbo!" Baba mkubwa mwenyewe alisema mtu huyo ashtakiwe kwa Bwana DC. Nikavimba kichwa. Kisha nikamtazama mchumba wangu, nikaona uso umemsawijika.

Jioni alikuja nyuma ya ua wa shangazi yangu, tukazungumza yeye nje, mimi ndani. "Nilipokuwa Mombasa nikijifunza kushona," aliniambia, "upande wa pili wa ukuta palikuwa na hoteli yenye santuri. Nilikuwa nikishona tu, sikuwa nikiisikiliza. Niliporudi, sauti ikanijia, nikadhani ni yangu."

"Nyamaza hadi nikaha ipite," nilimwambia. "Wakishajua, mimi nitakuwa mkeo tayari." Huo ndio ushauri niliompa, na siuonei haya. Nilimpenda, na baba mkubwa nilimjua.

Lakini mto haukungoja nikaha. Maji yalipanda, kivuko kikasimama, na basi la Lamu likakwama kwetu na abiria wake wote. Mmoja wao alikuwa ndiye mwimbaji wa ile sahani, naye alikuwa akienda kuimba arusini Lamu. Alikuwa mtu mnene, mpole, na hakujua lolote, hata jina lake alilitaja mwenyewe. Hajamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa pale hotelini, watu walikwisha mzunguka. Mfugaji mmoja wa Kiorma aliegemea mkuki wake akamwambia, "Wewe naiba wimbo ya fundi. Sisi nasikia yote."

Mimi nilikuwa jikoni mwa hoteli ile pamoja na shangazi, nikichungulia. Baba mkubwa alikuwa mstari wa mbele. Mchumba wangu akapenya katikati ya watu, futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, na moyo wangu ukajua anachokwenda kusema.

"Si yeye aliyeiba," alisema. "Ni mimi. Sauti ni yake. Niliichukua bila kujua, sasa najua. Bwana, niwie radhi. Ukinikataza, siiimbi tena."

Mwimbaji alitua kikombe akacheka hadi akakohoa. "Keti, mwanangu. Mimi nami n'liitoa kwenye sinema ya Kihindi. Mwenyewe hanijui, wala sikumwomba, na kwenye sahani pana jina langu tu." Hapo kicheko kikamwishia. Akamtazama fundi, akasema, "Wewe umekuja kuniomba. Basi nimekupa. Ichukue, iwe tunzo yangu ya arusi."

Macho yote yakamgeukia baba mkubwa. Yeye alijikuna ndevu taratibu, kama mtu asiye na haraka na mtoto wa mtu.

"Nilisema haibii mtu, nikakosea," alisema mwishowe. "Lakini anayekiri sauti mbele za watu, hatamkana mke. Arusi ipo palepale."

Maji hayakupungua upesi, kwa hiyo mwimbaji akaimba arusini kwangu, na aliimba maneno yetu, si yake. Mafuriko yale yaliharibu mpunga wa watu, nami najua si vizuri, lakini hadi leo namshukuru Mungu kwayo. Tangu siku hiyo mume wangu hakuupiga wimbo ule bila kutangaza kwanza, "Sauti hii tumepewa." Wenzake walimwambia hakuna anayeuliza. Aliendelea kusema.

Miaka ikapita, tukapata redio. Siku moja napika, yeye anashona, tukamsikia mwimbaji yule, sasa mzee, akijiandaa kuimba. "Sauti hii si yangu," alisema. "Niliitoa kwenye sinema ya Kihindi. Na aliyenifundisha kusema hivyo ni fundi cherehani mmoja wa Garsen."

Mume wangu alisimamisha cherehani, akalia waziwazi, na mimi nikauacha wali ukaungua.